Namna ya Kupata Kinyume Sahihi cha Maneno ya Vitu Vinavyoachwa Kutumika

Katika daftari la mwanafunzi mmoja wa darasa la sita nililowahi kulisahihisha, swali lilitaka kinyume cha kitenzi "chakaa", naye alijibu kwa mwandiko safi kabisa: "chakaua". Nilikaa na kalamu mkononi kwa muda kabla ya kuweka alama ya kosa. Mtoto yule alikuwa amefundishwa kwamba funga huzaa fungua, tega huzaa tegua, anika huzaa anua na tandika huzaa tandua, akaichukua kanuni aliyopewa na kuifikisha mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba haifiki. Kosa lilikuwa letu sisi tunaofundisha, kwa sababu orodha zetu za vinyume huishia kwenye refu na fupi, panda na shuka, kisha huliacha kando kundi zima la maneno tunayoyatumia kila siku kusema kwamba kitu fulani kimechakaa, kimepitwa na wakati, kimechuja, kimefutwa, kimesahaulika au kimeota nyasi.

Mwongozo huu unamhusu mwalimu, mfasiri, mhariri na yeyote anayeandika Kiswahili kwa uangalifu. Jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba maneno hayo hayana kinyume kimoja cha kukariri. Kinyume chake hutegemea mlango ambao kitu kilipitia kilipoondoka katika matumizi: kilichochakaa hakirudi kwa njia iliyorudisha kilichofutwa, na kilichofutwa hakirudi kwa njia ya kilichosahaulika. Ukiujua mlango, neno huja lenyewe.

Kauli ya kutendua inafika wapi

Kauli ya kutendua, ile inayogeuza funga kuwa fungua, ni mali kubwa katika Kiswahili, na si ajabu kwamba mwanafunzi huikimbilia. Ukiichunguza, hata hivyo, utaona kwamba karibu kila mara inaeleza mkono wa mtu unaotengua kazi iliyofanywa na mkono: aliyefunga mzigo anaweza kuufungua, na aliyeanika nguo ataanua wingu likitanda. Kwa hiyo, kauli hii inakufaa pale tu ambapo kitu kiliachwa kutumika kwa tendo la mtu. Kisima cha zamani kilichofukiwa hufukuliwa, kiwanda kilichofungwa hufunguliwa, na hata katika lugha ya picha mjadala uliozikwa unaweza kufukuliwa.

Kuchakaa, kufifia, kusahaulika na kupitwa na wakati havina mkono nyuma yake. Ni kazi ya jua, ya siku, ya mwendo wa watu wengi ambao hakuna hata mmoja wao aliyeamua jambo. Pasipo na tendo hakuna cha kutendua, na hapo ndipo "chakaua" inapokosa mahali pa kusimama.

Hata penye mkono, sikio lisidanganywe na umbo la neno. Mpishi anayebandika maji ya ugali jikoni hayabandui, bali anayaipua. Kubandua ni kwa tangazo lililogandishwa ukutani. Umbo moja, vinyume viwili, na kinachoamua ni kazi inayofanyika wala si herufi za mwisho wa kitenzi.

Uliza kwanza: kimeondokaje?

Chukua vitu viwili ambavyo kila aliyekwenda sokoni Tanzania anavijua. Mifuko ya plastiki, ile tuliyozoea kuiita rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilikuwa imetangulia Agosti 2017. Kikapu cha ukindu, kwa upande wake, hakikuwahi kupigwa marufuku na mtu. Kilisukumwa pembeni na rambo yenyewe, kikabaki mikononi mwa akina mama wachache walioendelea kukithamini. Sasa tafuta vinyume. Kinyume cha yaliyoipata rambo ni kuruhusiwa, kwa sababu iliondolewa kwa amri na amri pekee ndiyo ingeirudisha. Kinyume cha yaliyokipata kikapu ni kurudi, au kurejea sokoni, na siku hizo ndivyo ilivyokuwa. Mwandishi akiandika kwamba kikapu "kimeruhusiwa tena", amemwambia msomaji uongo bila kukusudia, kwa sababu amekipa historia isiyo yake.

Mlango wa kwanza ni wa amri, na kundi la vitu vinavyoondoka kwa mlango huo ndilo rahisi kuliko yote, kwa kuwa serikali, benki na mahakama hutumia maneno yenye mipaka. Sheria iliyofutwa, kinyume chake ni sheria inayotumika au yenye nguvu. Leseni iliyokwisha muda, kinyume chake ni leseni hai, na tendo la kuirudisha katika hali hiyo ni kuihuisha. Noti ya zamani ya shilingi 1,000 ya Kenya iliacha kuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba 2019. Kinyume cha noti ile si "noti mpya", bali ni noti halali, kwa maana noti iliyotoka benki jana na nyingine iliyokunjwakunjwa mfukoni kwa mwaka mzima zina uhalali uleule. Hapa ndipo wengi huteleza. Wanadhani kila kilichoondolewa ni cha zamani, na kwa hiyo kila kinyume chake ni kipya.

Mtihani wa KCPE, uliokuwa wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ni mfano mwingine mzuri. Ulianza mwaka 1985 na ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Anayetaka kinyume cha kufutwa kwake aamue kwanza anasimama wapi: akizungumzia mwaka 1985, kinyume ni kuanzishwa, akizungumzia miaka yote ya katikati, kinyume ni kuendelea kufanywa, na akizungumzia maoni ya mtu anayetaka urudishwe, kinyume ni kurejeshwa. Mtihani ni mmoja na vinyume ni vitatu. Nitalirudia jambo hili baadaye kidogo, kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Mlango wa pili ni wa uchakavu. Humu mna maneno matatu ambayo watu huyachanganya: -bovu, -kuukuu na -liochakaa. Kinyume cha -bovu ni -zima, kwa sababu ubovu ni wa utendaji: redio bovu haiimbi, redio nzima inaimba. Kinyume cha -kuukuu ni -pya, kwa sababu ukuukuu ni wa umri pamoja na matumizi. Kilichochakaa kimekaa katikati. Kinaweza kufanya kazi lakini sura yake imekwisha, na kinyume chake huamuliwa na kitu chenyewe. Kiatu kilichochakaa hukabiliwa na kiatu kipya, barabara iliyochakaa hukabiliwa na barabara iliyokarabatiwa, na hoja iliyochakaa, ile ambayo kila mtu ameisikia mara elfu, hukabiliwa na hoja mpya au hoja yenye mashiko.

Niliwahi kusimama mbele ya banda la fundi wa redio ambaye alikuwa ameipanga mezani redio kaseti kubwa yenye spika mbili, imefutwa vumbi, vitufe vyote vipo. Aliichomeka, akaweka kaseti, taarabu ikatoka safi. Akaniambia, "Hii nzima kabisa, mwalimu, ila watu hawazitaki tena." Katika sentensi hiyo fupi alikuwa amezitenganisha njia mbili za kufa kwa kitu. Redio yake haikuwa mbovu, kwa hiyo neno "nzima" halikuweza kuiokoa; ilikuwa imepitwa na wakati, na kinyume cha kupitwa na wakati ni kuendana na wakati, au kuwa ya kisasa. Fundi anaweza kutengeneza ubovu. Wakati hautengenezeki kwa bisibisi.

Jozi ya -a kizamani na -a kisasa ndiyo inayofaa katika mlango huu wa tatu, na ina uzuri wake, kwa kuwa neno moja limejengwa juu ya zamani na lingine juu ya sasa, kama mizani yenye vikombe viwili vinavyolingana. Mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mitaani tulipata jozi nyingine bila kuiomba: mtu mwenye mawazo ya kizamani akawa "analojia", na anayekwenda na wakati akawa "dijitali". Katika maandishi rasmi sishauri kuitumia jozi hiyo kwa watu, lakini inastahili kuheshimiwa, kwa sababu inaonyesha wasemaji wa lugha wakijitafutia vinyume vyao pale walipovihitaji.

Mlango wa nne ni wa kufifia, na hapa Kiswahili kina utajiri wa rangi. Rangi iliyofifia, kinyume chake ni rangi iliyokoza. Kanga iliyochuja baada ya kufuliwa mara nyingi, kinyume chake ni kanga isiyochuja au iliyoshika rangi. Kutoka kwenye nguo tumelipeleka neno kwa wanamuziki: msanii aliyechuja ni yule ambaye nyimbo zake haziombwi tena redioni, na kinyume chake ni msanii anayevuma au anayetamba. Usiseme "msanii aliyekoza" kwa sababu tu kukoza ni kinyume cha kufifia. Picha ya rangi haikusafiri na jozi yake yote. Bidhaa nayo ikikaa dukani bila mnunuzi tunasema imedoda, na kinyume chake sokoni ni kwamba inatoka au inakwenda.

Kisha uliza: hali, mwendo au marejeo?

Ukishajua kitu kiliondokaje, bado hujamaliza. Kila neno la kuachwa lina sehemu tatu za kupinduliwa, na lazima uchague moja. Unaweza kupindua hali, ukapata neno la kitu ambacho bado kipo katika matumizi. Unaweza kupindua mwendo, ukapata neno la kitu kinachoingia katika matumizi kwa mara ya kwanza. Au unaweza kupindua tukio lenyewe, ukapata neno la kitu kilichoondoka kisha kikarudi.

Mfano wangu ni reli ya kaskazini ya Tanzania. Kwa zaidi ya miaka 20 treni ya abiria haikwenda Moshi, na sehemu za njia ile ziliota nyasi na vichaka hadi mgeni asingejua kwamba chini yake pana chuma. Desemba 2019 safari za abiria kutoka Dar es Salaam hadi Moshi zilianza tena, na mwaka 2020 zikafika Arusha. Sasa andika kuhusu reli hiyo. Kuota nyasi, kwa upande wa hali, kinyume chake ni kupitika. Kwa upande wa mwendo, kinyume chake ni kujengwa, lakini hilo lingetupeleka enzi za ukoloni, kabla ya nyasi zote. Kwa upande wa marejeo, ni kufufuliwa, na hilo ndilo neno lililofaa mwaka 2019. Mwandishi wa wakati huo angeandika kwamba reli "imezinduliwa", msomaji angedhani ni reli mpya, na jasho la vibarua waliofyeka vichaka na kubadilisha mataruma lingepotea katika neno moja lisilofaa.

Kwa hiyo neno kufa, tunalolitumia kwa miradi, desturi, vyama na biashara, lina vinyume vitatu vilivyo hai: kuwa hai au kudumu kwa upande wa hali, kuzaliwa au kuanzishwa kwa upande wa mwendo, na kufufuka kwa upande wa marejeo. Yote matatu ni sahihi. Hakuna linaloweza kukaa mahali pa mwenzake.

Kwa vitu vinavyokwenda na kurudi kwa desturi yake, watu wa pwani walishatuachia jozi bora kuliko zote. Maji yakijaa hupwa, wanasema, na kujaa na kupwa si kuzaliwa na kufa. Mtindo wa nguo unaopita mwaka huu na kuingia tena miaka 15 baadaye haujafufuka, kwa sababu haukuwahi kufa, umepwa, umejaa. Naipenda jozi hii na ningependa kuiona zaidi katika makala zetu za mitindo na muziki, mahali pa "kurudi kwa kishindo" kunakotumika kwa kila kitu.

Wakati mwingine wakati wa kitenzi nao huingilia. "Desturi inafifia" na "desturi imefifia" hazina kinyume kimoja: ya kwanza inasimulia safari inayoendelea, na kinyume chake ni "inaenea" au "inashika kasi", ya pili imefika mwisho wa safari, na kinyume chake ni "imekita mizizi" au "imeshamiri". Pindua kitenzi, lakini usikibadilishie saa.

Maneno ya kuyaogopa

Neno "kutoka" ni la hatari. Toleo jipya la gazeti limetoka maana yake limefika mikononi mwa wasomaji. Mchezaji ametoka maana yake hayumo tena uwanjani. Msanii ametoka, katika lugha ya vijana, maana yake amefanikiwa na sasa anajulikana. Ukiandika kwamba mtindo fulani "umetoka", nusu ya wasomaji wataelewa kwamba umekwisha na nusu nyingine kwamba ndio kwanza umeanza. Andika umepita au umeingia, ambayo hayana utata wowote.

Neno "kupotea" nalo hutega mguu. Mbuzi aliyepotea, kinyume chake ni mbuzi aliyepatikana. Desturi iliyopotea haipatikani kichakani, kwa hiyo kinyume chake ni desturi inayofuatwa au iliyodumishwa. Ugonjwa uliotoweka, kama ndui iliyotangazwa mwaka 1980 kuwa imetokomezwa duniani, kinyume chake ni ugonjwa uliozuka, wala hakuna anayesema kwamba ugonjwa "umepatikana" akimaanisha kwamba umerudi.

Ukanushi pia si kinyume, ingawa wanafunzi wengi huutumia kama njia ya mkato. "Haitumiki" ni kukanusha "inatumika", na hiyo inakubalika katika maelezo ya kawaida, lakini kukanusha neno la kuachwa mara nyingi huleta maana nyingine kabisa. "Wimbo usiopitwa na wakati" si wimbo mpya. Unaweza kuwa na miaka 50. Ni wimbo ambao wakati umeshindwa kuugusa, na mtu anayeutafsiri kuwa "wimbo wa kisasa" ameuvua heshima yake.

Kubwa zaidi ni "mkongwe". Wengi huliweka katika kapu moja na kuukuu na kizamani, ilhali ukongwe ni umri wenye hadhi. Mwanahabari mkongwe hajaachwa kutumika. Yupo kazini, na kinyume chake ni mwanahabari chipukizi. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una watu wanaoishi ndani yake, wanaofungua maduka asubuhi na kuanika nguo barazani. Ukimuuliza Mzanzibari upande wa pili wa Mji Mkongwe ni upi, hatakwambia "Mji Mpya". Atakwambia Ng'ambo, kwa sababu zamani mkono wa bahari uliingia katikati na mtu alivuka maji ili kufika huko. Kinyume kinaweza kutoka katika ardhi yenyewe, na kamusi isikuonyeshe.

Pale neno lenyewe ndilo linaloachwa

Nimebakisha jambo linalonigusa kuliko mengine. Maneno nayo huachwa kutumika, na tunahitaji kuyaongelea kwa usahihi huohuo. Jifya moja haliinjiki chungu, tunasema bado, lakini vijana wengi wanaoisema methali hiyo hawajui kwamba jifya ni figa na kwamba kuinjika ni kuteleka. Je, neno "jifya" limekufa? Mimi nasema hapana. Limekufa jikoni na linaishi katika methali, kwa hiyo kulipinga na "neno hai" ni kosa, maana lenyewe ni hai nusu. Kinyume chake kilicho sahihi ni neno lililo katika matumizi ya kila siku, yaani figa, au jiwe la jiko kwa wanaosema hivyo. Lingekuwa limetoka hata katika methali, hapo ndipo tungelikabili na neno hai.

Upande mwingine wa mizani yapo maneno yanayoingia. Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985, neno "kung'atuka" kutoka lugha ya Kizanaki lilienea nchi nzima, na leo lina kinyume chake kinachoeleweka bila maelezo: kung'ang'ania. Neno kama hilo huitwa neno jipya linapoingia, kisha neno lililozoeleka linaposhika. Asiyetofautisha hatua hizo mbili ataendelea kuliita jipya hata likifika miaka 40.

Kwa hiyo, unapokuwa na neno la kuachwa mbele yako, liandike ndani ya sentensi kamili yenye kitu chenyewe, si peke yake. Jiulize kitu hicho kiliondokaje, kisha amua kama unapindua hali, mwendo au marejeo. Weka kinyume ulichokipata mahali pa neno la kwanza, usome sentensi kwa sauti, na usikilize kama mwenye kitu, awe fundi wa redio, muuza vikapu au abiria wa treni, angeisema hivyo.

Daftari la yule mwanafunzi nililirudisha na kosa lake, lakini pembeni nilimwandikia sentensi mbili: "Viatu vya baba vimechakaa. Viatu vya baba ni vipya." Chini yake nikaongeza swali: "Na paa la shule lililochakaa, likikarabatiwa, utaliita jipya?" Wiki iliyofuata alikuwa amejibu kwa penseli: "Hapana. Ni paa lililotengenezwa."